Alizima Tanuri kwa Heshima, Nusura Libomolewe

Saa kumi na moja alfajiri, Mama Mkate anapitisha mkono kwenye mdomo wa tanuri, anautuliza kidogo, kisha anautoa. Joto limetosha. Yeye na binti yake wanaanza kuingiza mikate kwa koleo refu la mbao, huku wakitaniana.

Tanuri hilo la matofali, alilojengewa na marehemu mumewe, linalisha watu saba. Mwaka jana jirani wa nyuma, mwalimu mstaafu, alimshtaki kwa moshi unaoingia chumbani mwake. Mwalimu akashinda, mahakama ikaamuru tanuri libomolewe. Mama akakata rufaa, akaomba ubomoaji usimamishwe kwanza mpaka rufaa isikilizwe.

Hapo ndipo alipojiponza. Kwa kuiheshimu mahakama, alizima moto siku chache kabla ya ombi kusikilizwa. Hakimu alipomuuliza kama bado anaoka, alijibu kwa fahari kwamba ameacha. Basi hakimu akaona kuwa asiyeoka hatapata hasara tanuri likibomolewa, hivyo hakuna sababu ya kusubiri, akalikataa ombi. Adabu ikamtokea puani.

“Mwenzenu nilidhani nitasifiwa,” anasema.

Alilia, wala haoni haya kulisema. Kesho yake akakata rufaa kupinga kukataliwa huko. Mbele ya majaji watatu hakugusa habari ya nani mwenye haki.

“Waheshimiwa, moto ukizimika nitauwasha,” aliwaambia. “Tanuri likibomolewa, hata nikishinda kesi nitakuwa nimeshinda kifusi.”

Majaji wakamkubalia: hakuna kubomoa hadi rufaa ya msingi iamuliwe.

Mwalimu hakununa. Kila asubuhi huja kununua mkate, kama alivyofanya hata kesi ilipopamba moto. Ukimuuliza, hujibu kwamba ugomvi wake ni na moshi, mkate haujamkosea kitu.

Naye Mama, sasa moyo umetulia, anakiri kwamba jirani ana hoja. Mke wa Mwalimu hukohoa, na kikohozi hicho humfikia Mama hadi kitandani kwake. Ndiyo maana ameita fundi arefushe dohani, bomba la kutolea moshi, ipite paa la jirani. Kazi ikiisha, atawaomba walale dirisha wazi, kisha wamwambie ukweli.

Na kama moshi utawafikia tena?

“Nikimsikia dada yangu huyo, mke wa Mwalimu, anakohoa kwa moshi wangu, sitangoja rufaa,” anasema. “Nyundo nitaishika mwenyewe.”