Kisanduku Kisicho na Swichi Nyekundu

Harufu ya plastiki iliyoungua haitoki upesi katika chumba chenye dirisha moja. Inaingia kwenye pazia, kwenye karatasi, kwenye nywele za mtu. Nyumbani kwetu Gisenyi, si mbali na bariyeri ya mpakani ya kwendea Goma, ilikaa msimu mzima, kwa sababu mwishoni mwa miaka ile ya tisini hatukufungua dirisha jua likishazama. Mpaka ulikuwa umefungwa, na amri ilikuwa kila mtu awe ndani kabla ya giza. Baba, aliyekuwa amevuka kwenda kuuza vitenge, alibaki upande wa pili. Mchana tuliyaona mabati ya mtaa aliokuwamo yakimeremeta, lakini hatukuweza kumpelekea hata kipande cha sabuni. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Chumbani tulikuwa mama, mimi, na kompyuta ambayo mama aliitumia kuwachapia watu barua za maombi na walimu mitihani yao.

Umeme wa mji wetu ulikuwa na tabia yake. Asubuhi ulikuwa na nguvu; jioni, kila nyumba ilipowasha taa na pasi, ulishuka hadi balbu ikawa nyekundu kama kaa linalokaribia kuzimika. Kompyuta haikukubali kuwaka kwa umeme huo. Lakini nyuma yake, kwenye kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuupunguza kwa ajili ya mashine, palikuwa na swichi ndogo nyekundu yenye namba mbili, 230 na 115. Iliwekwa kwa ajili ya nchi zenye umeme tofauti. Mtaani kwetu watu waliipatia kazi nyingine: jioni ukiisogeza kwenye 115, mashine inadanganyika na kuwaka, asubuhi unairudisha. Kila mwenye kompyuta alifanya hivyo, na mama pia. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Jioni moja umeme ulirudi ghafla kwa nguvu zake zote, balbu ikawa nyeupe, na kabla mama hajaifikia swichi tulisikia mlio mfupi kama wa punje ya mahindi inayopasuka motoni. Kisanduku kilikufa, kikafa pamoja na ubao mama, yaani ule ubao mkubwa wa ndani unaounganisha kila kitu.

Baba mkubwa Faustin, kaka yake baba, alikuja kutoka Rugerero habari ilipomfikia. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliofanya iwe vigumu kumkatalia. Tangu mpaka ufungwe alitaka turudishe chumba kwa mwenye nyumba tukaishi kwake.

"Mama Espe, hapa unangoja nini?"

"Ninamngoja mdogo wako, shemeji."

"Atakukuta kwangu. Au hajui njia ya kwetu alikozaliwa?"

Mama alikuwa amemwahidi mkuu wa shule moja mitihani ya mwisho wa muhula. Basi wakapatana: ikitoka kwa wakati, tunabaki, isipotoka, tunafunga magodoro. Kwangu mimi Rugerero ilikuwa migomba na binamu wa kucheza nao. Kwa mama ilikuwa kuomba ruhusa hata ya kwenda sokoni, mke wa mtu asiyekuwapo katika ua wa mtu mwingine.

Fundi tuliyempata aliitwa Dieudonné, Mkongo aliyekuja kutengeneza redio akafungiwa upande wetu na shati moja. Alikuwa na ubao mama aliouchomoa kwenye mashine iliyokufa, na visanduku viwili vya umeme vya kuchagua. Kimoja kilikuwa kizito, kina swichi nyekundu kama cha kwetu. Cha pili kilikuwa cha 220 tu, nyuma yake hakuna cha kusogeza.

"Kamata hii ya swichi, Mama Espe," alisema. "Mangaribi unashusha kidogo, kazi inaendelea. Ile ingine iko sawa punda. Ikikataa, imekataa."

"Nipe huyo punda."

"Bon. Lakini usiku utafanya nini?"

"Nitalala. Ubao mama wa pili unao?"

"Sina. Mpaka ukifunguka, labda."

"Ndiyo maana nataka cha kunikataza."

Baba mkubwa, aliyekuwa ameketi mlangoni, alicheka. "Shemeji amepata mashine ya kulala na kuku."

Tangu hapo balbu ndiyo iliyotuamrisha. Mama alinifundisha kipimo chake: ukiweza kuutazama uzi wa ndani ya balbu bila kufumba macho, usiguse mashine. Kulipopambazuka nilitazama, nikishindwa kutazama, nilimwita. Alichapa hadi uzi ulipoanza kuonekana tena, akafunika mashine kwa kitambaa. Jioni tuliketi bila kazi, kurasa zikitungoja, tukisikia viatu vya askari barabarani. Majirani waliendelea kusogeza swichi zao. Nilimwona mama akiisikiliza mashine ya jirani ikinguruma, na nikajua anahesabu kurasa kichwani.

Siku ya mwisho balbu iliamka nyekundu. Mama alikaa mbele ya mashine, mikono mapajani. Baba mkubwa alifika na baiskeli na kamba ya magodoro. Hakutucheka siku hiyo. Alilikunja godoro langu, akalifunga, akaketi juu yake.

"Ungechukua kile cha swichi," alisema polepole.

Niliitazama balbu hadi macho yakatoka machozi, na sikujua ni kwa sababu ya uzi au ya godoro. Jua lilipokuwa limepanda, chumba kikang'aa ghafla, kwa nguvu ileile iliyotuunguzia mashine ya kwanza. Kisanduku hakikushtuka. Mama alichapa kurasa zilizobaki, na printa ilipoanza kukwaruza karatasi baba mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka na kuifungua kamba.

Mpaka ulifunguliwa baadaye, na baba alitukuta palepale. Mimi nilijifunza kazi hii ya kutengeneza kompyuta kwa kufungua visanduku vilivyokufa, bila mwalimu. Vile ninavyofunga siku hizi hupokea umeme wowote, na Rubavu, kama mji wetu unavyoitwa sasa, jioni balbu ni nyeupe. Sina mpaka uliofungwa wala shemeji mwenye kamba. Lakini wateja hunitumia kazi nikiwa mezani na watoto, na mimi huinuka na kuifanya. Mama alizungukwa kila upande; hata hivyo, jua lilipozama alifunika mashine yake na kusema, "Umeme umeshuka," na hapakuwa na mtu wa kumdai zaidi. Nimetafuta neno kama hilo la kuwaambia wateja wangu. Sijalipata.