Msusi na Pampu Yenye Kwikwi

Mtaani kwao walimwita Mkono Mwepesi, maana ukikaa kwenye kiti chake kusukwa ungeweza kusinzia. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, chenye kioo kirefu na beseni la kuoshea nywele. Mumewe alikuwa fundi bomba, lakini nyumbani kwake mwenyewe maji yalikuwa vita. Ilibidi mtu akumbuke kuwasha pampu ya kupandisha maji kwenye tangi la juu ya paa. Wakisahau kuiwasha, bomba lilikauka mteja akiwa na povu kichwani. Wakisahau kuizima, ua mzima ukawa tope.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa fundi simu. Siku moja alimletea bodi ndogo ya elektroniki inayoweza kuwasha na kuzima pampu, na kihisi cha kupima umbali mpaka kwenye maji, akaanza kumfundisha kuandika programu. Mwanzoni Mkono Mwepesi aliruka alama za mwisho wa mstari na kompyuta ikamgomea. Hakukasirika, kufumua na kuanza upya ndiyo kazi aliyoizoea.

Programu yake ya kwanza ilikuwa rahisi: maji yakishuka, washa, yakijaa, zima. Aliijaribu kwenye ndoo jikoni, ikakubali, akapiga kigelegele peke yake. Mumewe akapanda juu kukifunga kihisi kwenye mfuniko wa tangi.

Walipoiwasha, pampu ikawa kama imeshikwa na kwikwi. Inawaka, inazima, inawaka, inazima.

"Zima hiyo! Utaniunguzia pampu!" mumewe alipiga kelele kutoka juu ya paa.

Wifi alikuja, akatazama namba za kihisi kwenye kompyuta, sentimita ngapi mpaka kwenye maji. Zilikuwa zinarukaruka: ishirini, ishirini na sita, kumi na saba.

"Maji yanayoingia yanatikisa yale yaliyomo," alisema. "Kihisi kinaona wimbi, kinakuletea habari za wimbi. Usikiamini kwa neno moja, wifi. Kisome mara kumi, jumlisha, gawa kwa kumi. Wastani huo ndio uufuate."

Aliondoka kuwahi kazini, na Mkono Mwepesi akaandika mwenyewe. Namba ya kwanza ilitoka ishirini na moja, safi kabisa. Ya pili ikawa arobaini na mbili. Ya tatu, sitini na tatu. Muda si mrefu kihisi kikadai maji yako chini ya msingi wa nyumba.

"Tangi letu limekuwa kisima!" alisema, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akanuna.

Mumewe akaleta vikombe viwili vya chai, akavuta kigoda. "Hebu nieleze, unafanyaje hapo?"

"Nasoma mara kumi. Kila namba naiongeza kwenye jumla. Nikimaliza nagawa kwa kumi, halafu naanza tena."

"Unaanza tena na ndoo tupu?"

Mkono Mwepesi akarudi kuisoma mistari yake. Ile jumla hakuwahi kuirudisha kwenye sifuri. Kila duru ilikuwa inabeba mzigo wa duru zilizotangulia.

"Baba watoto, umenisaidia bila kujua."

"Nilijua," mumewe alisema, na uso wake ukamsuta palepale.

Mkono Mwepesi aliongeza mstari mmoja tu. Namba zikatulia: ishirini na moja, ishirini na moja, ishirini. Pampu ikawaka mara moja, ikanguruma taratibu mpaka tangi likajaa, ikanyamaza. Wote wawili walisimama uani wakiisikiliza kama watu wanaomsikiliza mtoto mchanga aliyepata usingizi.

Wiki iliyofuata wifi alipita saluni, akamkuta anasuuza nywele za mteja huku akiimba.

"Wifi, mwenye nyumba wangu amesikia habari za pampu yenu, naye anataka ya kwake. Nikopie ile programu yako."

"Nikukopie?" Mkono Mwepesi alifunga bomba, akajifuta mikono kwenye aproni, na tabasamu likamtoka lenyewe. "Kaa hapo, nikimaliza kichwa hiki nikufundishe."