Kuwaonjea Watu wa Nyota

Nina hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe. Kikapu kimetumwa angani kwa niaba ya mji wetu, kikapu ambacho mama yangu hakukisuka wala hajawahi kukitumia, na mkalimani wa mambo hayo yote nilikuwa mimi.

Walikuja Gisenyi wageni watatu na kamera. Walikuwa wanazunguka miji ya mipakani wakikusanya vitu na picha za kutia kwenye sanduku, sanduku lirushwe kwa roketi, ili viumbe wa sayari nyingine, kama wapo, wajue binadamu ni nani. Mji wetu ulipewa nafasi ya kitu kimoja na dakika moja ya filamu. Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Mbugangari, lakini nilisomea Tanzania na Kiingereza nakimudu, basi wakanichukua niwatafsirie.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa hoteli kando ya ziwa. Wakubwa wa mji wakataja agaseke, kile kikapu chenye kifuniko kilichochongoka. Mwingine akataka ngoma. Nikauliza nani kati yao ana ngoma nyumbani kwake, wakanitazama kana kwamba nimewatukana. Nikasema, mpigeni picha mama yangu akionja.

Kwetu humpi mtu kinywaji kabla hujakionja mbele yake. Unapiga funda moja, halafu unampa: aone kwamba hakina sumu, na kama ni kufa, tufe wote. Mama anauza ubushera, kinywaji cha mtama, karibu na Petite Barrière, lango dogo la mpakani. Wanawake wanaovuka kwenda Goma na nyanya kichwani husimama kwake asubuhi, naye humwonjea kila mmoja. Kila mmoja! Hata wale anaowajua miaka nenda rudi. Ikifika saa nne tumbo limemjaa, na bado anaonja. Nikawaambia, kama kuna jambo la kumwambia mtu wa nyota ambaye humjui naye hakujui, ni hilo. Kiongozi wa wageni alifurahi, akaandika kwenye daftari lake.

Siku ya kupiga picha mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Aliosha kopo mara tatu. Akamimina, akapiga funda, akalifuta ukingo kwa kiganja na kumpa yule kiongozi kwa mikono miwili.

“Mugeni, kunywa. Mi nimeisha onja.”

Mgeni akalipokea kopo, akalichungulia, akatabasamu, akaliweka juu ya meza. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba watazamaji wangeona ni uchafu. Wanawake wa nyanya waliokuwa kwenye foleni wakageuka wote kumtazama mama. Mtu akishaonja mbele yako nawe ukaweka chini, umemwambia hadharani kwamba ni mchawi wa sumu. Mwenzake mgeni akachomoa agaseke mpya kutoka kwenye mfuko wa duka la hoteli, akampa mama akishike. Na mimi, mpumbavu mkubwa, nikatafsiri: mama, shika hiki, cheka kidogo. Akacheka.

“Juu ya nini hakukunywa?” aliniuliza walipoondoka. “Iko mugonjwa?”

Nikamwambia ndiyo, tumbo linamsumbua. Sijui nilikuwa namlinda nani. Kesho yake mama akachemsha chai ya tangawizi, akaitia kwenye chupa ya chai, akatembea kwa miguu mpaka hotelini kumpelekea mgonjwa wake. Mlinzi akamrudisha getini. Alipita kwangu kunieleza, chupa imejaa vilevile, akimhurumia yule mtu. Hapo nilitupa mkasi chini nikamwambia ukweli wote. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akauliza:

“Na bale batu ba nyota, nani atabaonjea?”

Juma lililofuata tukaalikwa kutazama filamu. Sanduku lilikuwa limeshaondoka, kwa hiyo hapakuwa na la kubadilisha. Dakika ikapita: ziwa, mlima, mama anacheka na kikapu kitupu. Kopo halikuonekana. Watu wakapiga makofi. Nilitamani kuing'oa ile skrini ukutani, na aibu ndiyo iliyonikalisha chini, maana ule uongo wa kikapu niliutafsiri kwa mdomo wangu.

Wahudumu wakaleta soda za chupa, wakazifungua mbele yetu. Mama akaichukua yake, akamimina kwenye glasi, akainuka. Akasimama mbele ya kiongozi wa wageni, akapiga funda, akampa kwa mikono miwili.

Mgeni akanigeukia. “Anataka nini?”

Safari hii sikulainisha neno. Nilimwambia: anakuonyesha kwamba haitakuua. Ukiiweka chini, unamwita muuaji mbele ya mji wake. Ulishafanya hivyo mara moja, na mara ile nilikufichia.

Akawa mwekundu. Akainywa yote, mpaka povu. Watu wakapiga makofi tena, zaidi hata ya yale ya filamu, na mimi nikajiona nimeshinda.

Tulirudi kwa miguu, kwa kuwa mama hapendi pikipiki. Nilikuwa naongea bila kupumua, nikirudia nilivyomwambia yule bwana na alivyobadilika uso. Mama aliniacha nimalize. Tulipofika kwenye kona ya kwetu akasimama kufunga vizuri kitenge chake.

“Ile soda ya chupa amekunywa,” akasema. “Yangu, hapana.”