Kiti Kilichotazama Mlima

Msusi wetu wa mtaani husuka akiwa amesimama, uso kaskazini, maana huko ndiko uliko mlima. Anayezungushwa ni mteja, yeye hazunguki. Vidole vyake havihitaji macho, kwa hiyo macho kaupa mlima huo wa moto, Nyiragongo, tangu lava ilipopita sebuleni kwake. Waasi nao walipoingia mjini akaongeza raba chini ya kitenge, kamba zimefungwa mafundo mawili. Sisi humtania kwamba fundo moja ni la moto, la pili ni la risasi.

Jumapili moja, baada ya misa, tulimchukua twende naye Keshero kula sambaza, dagaa wa huko, kando ya ziwa. Upepo ulitunyang'anya vitambaa vya kichwa, tukavua viatu, tukapiga kelele kama watoto. Kiti kizuri, karibu na maji, tulimwachia yeye. Akakigeuza.

"Mama, ziwa iko nyuma yako!" alisema mwenzetu Héritière, asiyekosa neno.

"Ziwa haijanifukuza hata siku moja."

"Na mulima leo hauonekane, ni mawingu tu!"

"Siku hauonekane ndio ninauangaliaka sana."

Tulicheka hadi machozi. Yeye alicheka kutushinda, bila kugeuza shingo. Kisha kitu kikanguruma kwa mbali, nyuma yetu. Ilikuwa radi tu, na tukaendelea kula. Lakini tulipoinuka kurudi nyumbani, niliona viti vyote vimeligeuzia ziwa mgongo, na Héritière alikuwa ameshavaa viatu zamani.