Randevu ya Macho ya Mama

Mama alikuwa anapoteza macho. Alikuwa anauzisha chisense, wale samaki wadogo wa kukausha, hapa Nchelenge, na wateja wakaanza kumurudishia sahani sababu ya muchanga ambao hakuuona tena. Hiyo ilimuuma kuliko giza lenyewe.

Hospitali ya kupasua macho ilikuwa mbali, na nafasi, ile randevu ya kuonana na daktari, ilipatikana kwa saiti yake ya intaneti tu. Saiti yenyewe, Yesu wangu, mapicha mazito tupu. Rezo yetu, mtandao wa hapa, haikuiweza: nabonyeza, inazunguka, inakufa. Bon, mimi natengeneza simu, njia ingine niliijua. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandika amri, nikamuandikia ajenti wa akili bandia anayekaa kwa mashini ya mbali. Yeye anafungua saiti kule kule, anabonyeza, ananirudishia maneno. Maneno ni mepesi, yanapita hata rezo ikiwa mugonjwa.

Shida ilikuwa malezi. Mutoto umuleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nililelewa kwamba mutu usiyemujua haumupigi amri. Unaanza na salamu, halafu unazunguka kidogo. Nikaandika: "Jambo, habari ya kazi? Kama nafasi ya macho iko, utuangalilie, tafazali." Akajibu kwa heshima yote: iko moja, Jumanne. Nikamushukuru, nikamukimbilia Mama sokoni, tukafurahi kabisa. Kurudi, nafasi ilishakamatwa na wengine. Mimi niliomba kuangaliliwa, naye aliangalia.

Mama alikasirika sana.

"Weye, salamu nilikufundisha ya watu. Ile ni mutu? Iambie vile naambiaka wabeba samaki wa baiskeli: kamata, funga, peleka."

Nikaandika, nikisikia haya kama vile namutukana mukubwa: "Chunga saiti hiyo. Nafasi ikifunguka, kamata palepale kwa jina la Mama. Usiniulize." Kila asubuhi nilifungua dirisha kwa woga. Hakuna. Halafu siku moja, mswaki ungali mudomoni, nikasoma: "Nimekamata. Hospitali imekubali." Nilipiga vigelegele na povu lote, majirani wakatoka kuangalia. Niliringa wiki nzima, na siombi musamaha. Saiti iliyokataa kufunguka kwa simu zote za Nchelenge, mimi niliiendesha kwa maneno, nikiwa nimekaa kwa kiti cha plastiki.

Kule hospitali, walipomaliza kumupasua na kumutoa bandeji, daktari alimuuliza anaona nini. Mama alinitazama muda murefu, machozi yakamutoka, yangu pia.

"Namuona mutoto wangu," akasema. "Ni nani alimusuka nywele vibaya hivi?"