Dereva Wetu Gladness

Gladness ameendesha mabasi ya Stockholm kwa miaka kumi na sita, na hajawahi kugusa mtu wala nguzo. Mtanie utakavyo: unene wake, Kiswidi chake chenye lafudhi ya Moshi, mume aliyehamia Malmö akasahau kurudi. Atacheka pamoja nawe. Ila udereva wake uuache, maana hapo hana utani na mtu.

Anakaa Husby, peke yake tangu mwanawe Liam ahamie Göteborg, na ndugu wa damu hana mjini humu. Ndugu yake alikuwa Nyambura, Mkenya. Walikutana darasa la Kiswidi wakiwa wageni wote wawili, wakazaa mwaka mmoja, Gladness Liam, Nyambura Zuri, wakaleleana watoto. Baadaye Nyambura alipata kazi ya kompyuta Kista, kituo kimoja tu cha treni, akaanza kuvaa viatu visivyojua theluji. Gladness alimwonea wivu, ndiyo, lakini mmoja akiugua, mwenzake ndiye aliyepigiwa simu na hospitali.

Safari ya Arizona ilikuwa wazo la Nyambura. Alisema anataka kuliona jangwa kabla magoti hayajamgomea. Akakodi gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani, husbil kama wanavyoliita Waswidi, akamwalika na Josefina, Mkongomani wa Rågsved anayetunza wazee na asiyependa ugomvi hata kidogo. Gladness yeye hakualikwa hasa. Aliambiwa aendeshe.

"Si ndiyo kazi yako?" Nyambura alimwambia.

Mwanzoni ilikuwa raha. Kisha Nyambura akaanza. Amekaa kiti cha mbele, simu mkononi, anamwelekeza mtu anayepitisha basi refu kwenye barafu kila Januari. "Mama Liam, si ukate kona polepole? Chai yangu inamwagika." Kwenye vituo vya mafuta alipiga soga na Wamarekani, akiwaonyesha Gladness kwa kidole: yule ni dereva wetu. Jina hakutaja. Jioni, mgongo ukimuuma, Gladness ndiye aliyetolewa nje kumwaga maji machafu, eti kwa sababu bomba liko upande wa dereva. Alinyamaza, na Gladness akinyamaza ujue mambo yameharibika. Alimchukia Nyambura hadi namna anavyotafuna.

Walipofika katikati ya safari walikuwa wakisemeshana kupitia kwa Josefina.

"Mama Roméo, mwambie dereva aingie hapo kwa hilo geti, tulale."

"Mama Roméo, mwambie bosi wako hilo ni shamba la mtu."

Geti lilikuwa wazi, na ndani kulikuwa na uwanda mwekundu, miiba mirefu, na hakuna nyumba. Nyambura akacheka. Na hapa ndipo utaona jinsi Uswidi inavyomharibu mtu akikaa sana: kule sheria inakuruhusu kupiga hema usiku mmoja kwenye ardhi ya mtu usiyemjua, uchume na uyoga wake, mradi usiharibu kitu. Nyambura aliamini dunia nzima ilishakubaliana hivyo.

"Ni usiku mmoja tu, na takataka zetu tunabeba," alisema. "Nani atasumbuka?"

Aliyesumbuka alifika kabla maji ya chai hayajachemka. Mzee mwenye kofia alishuka kwenye pikapu, bunduki mkononi, mtutu ukielekea chini. Akawaambia waondoke. Gladness alikuwa kwenye usukani, Josefina chooni. Nyambura akashuka na, badala ya kuomba radhi, akashika kiuno na kuanza kumfundisha yule mzee sheria za Uswidi. Mzee akainua bunduki kidogo.

Gladness akawasha gari. Kwenye kioo cha pembeni alimwona Nyambura vizuri kabisa, amegeuka, anakimbia, mkono juu. Abiria wa namna hiyo Gladness hukutana naye kila siku, na humngoja. Safari hii alimtazama, akakanyaga mafuta. Alisikia raha, raha ya kweli, imemjaa kifuani. Kisha akaogopa, akasimama nje ya geti. Nyambura alipanda amejaa vumbi.

"Umeniacha."

"Sikukuona," Gladness akasema.

Waliporudi Stockholm, simu ya Nyambura haikulia tena Husby. Gladness alimpigia Liam, Liam akamjibu kwa Kiswidi maneno mawili matatu, basi. Nyumba ilikuwa kimya hadi inakera. Alimkumbuka Nyambura, na kumkumbuka huko kulimtia hasira mpya.

Josefina ndiye aliyewaita wote wawili Rågsved, kwenye ubatizo wa mjukuu wake. Nyumba ilijaa watu. Nyambura akasimama na sahani yake, akaanza kuwasimulia wageni habari za Arizona, na aliisimulia vizuri, mpaka mzee wa bunduki akawa kichekesho.

"Sasa huyu dada yangu, kwa woga, akasahau niko chini! Dereva mzima, hata kioo hakuangalia!"

Watu wakaangua kicheko. Kimani, mume wa Nyambura, akasema kumbe ndiyo sababu yeye hupanda treni. Nyambura akamgeukia Gladness, akamtazama usoni bila kucheka.

"Si ndiyo, Mama Liam? Hukuniona."

Gladness alielewa anachopewa. Aseme ndiyo, acheke, ale pilau. Jumapili zao za pamoja zingerudi, na Krismasi, na mtu wa kupigiwa simu na hospitali. Alifungua mdomo aseme hivyo. Akamsikia Kimani bado anacheka.

"Mimi kioo huangalia," akasema. "Siku zote."

"Mama Liam, achana na hii mambo," Josefina akamnong'oneza.

"Niliangalia, Mama Zuri. Nilikuona unakimbia. Nikakanyaga mafuta."

Hakuna aliyecheka tena. Nyambura aliweka sahani yake mezani taratibu.

"Unadhani sikujua?" akasema. "Tulionana macho kwa hicho kioo. Nimekuja hapa kukudanganyia watu wote hawa, Gladness, ili nisikupoteze. Na hata huo uongo umeninyima."

Akamwita binti yake, wakavaa makoti, wakaondoka.