Mzuiaji Kwenye Kivuko cha Garsen

Juzi, kwenye kivuko cha Garsen, Mmarekani mmoja, pande la mtu, alinieleza kazi aliyokuwa nayo kwao: mpira wa kukumbana, na yeye akiwa wa kuwaangusha wenye mpira.

“Goti limekufa, na kazi imekwisha,” alisema.

Mara ng'ombe dume wa mchungaji mmoja Muorma akachomoka mbio kuelekea mtoni. Mmarekani, akidhani anatoroka, akamrukia, wakaanguka wote topeni. Kundi zima la ng'ombe likasimama.

“Wee bwana!” mchungaji akafoka. “Huyo ndiye huogelea kwanza, wenzake wamfuate!”

Mgeni akaomba radhi. Mchungaji akamzunguka, akampapasa bega kama mtu anayechagua fahali.

“Kesho tunachanja ng'ombe, na madume hawashikiki. Utakuja?”

Wapo wanaosubiri kazi mwaka mzima. Huyu aliipata kabla tope halijamkauka.